Mama mkwe anamkanda mwanangu hadi sauti inakauka, nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka mitatu na miezi. Mdogo ni msichana wa wiki tisa, alizaliwa wakati wake na uzito wake ni mzuri.

Tangu nijifungue tunaishi na mama mkwe, aliyekuja kunisaidia. Naomba nisieleweke vibaya, mama huyu ananipenda. Anapika, anafua nguo za mtoto, na usiku mtoto akisumbua mara nyingi yeye ndiye huamka kabla yangu. Tatizo ni asubuhi baada ya mtoto kuoga. Humlaza kwenye mapaja, humpaka mafuta tele, kisha huanza kumkanda kwa nguvu. Humbana kichwa kwa viganja viwili ili kiwe cha mviringo. Humvuta miguu yote miwili kwa pamoja hadi magoti yanyooke. Halafu humshika mikono na kumning'iniza kidogo ili viungo viachie. Mwisho humdondoshea mafuta puani kamasi zitoke. Mtoto hulia mpaka sauti inakauka. Baada ya hapo hulala usingizi mzito saa nzima na zaidi, na mama huniambia, "Unaona alivyopata nafuu?"

Nilimwambia mume wangu. Akajibu kwamba mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomlea yeye na ndugu zake, na wote wazima. Nikanyamaza.

Nikaona nianze kumkanda mwenyewe jioni, kwa upole, maana nasikia kunasaidia gesi na usingizi. Lakini sijui ninachofanya. Juzi nilimkanda tumbo akacheua maziwa yote. Jana aligeuza uso, akashikwa na kwikwi, nikaendelea nikidhani atazoea, akaangua kilio. Kaka yake naye anadai, "Na mimi mama!" Nikimgusa mara mbili anachomoka, anakimbia. Na usiku ni yeye huyo anayeniamsha akisema miguu inauma, hadi nimsugue ndipo alale.

Je, kumkanda mtoto kuna faida kweli au niache kabisa? Nitumie mafuta gani? Na mama mkwe nitamwambia nini bila kuvuruga nyumba?

Mama wa Wawili


Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi.

Barua yako ina mambo ya kungoja na mambo yasiyongoja. Nianze na yasiyongoja.

Mafuta puani yakome leo. Mtoto wa wiki tisa hana nguvu ya kukohoa ya kutosha kuyatoa, na tone la mafuta likiteremka hadi kwenye mapafu hukaa humo. Huweza kuleta homa ya mapafu inayotokana na mafuta yenyewe, na hiyo ni ngumu kutibu kwa sababu hakuna mdudu wa kuuawa kwa dawa. Pua ikiziba, matone ya maji ya chumvi yanayouzwa duka la dawa kwa ajili ya watoto wachanga yanatosha.

Kumning'iniza kwa mikono nako kukome. Viungo vya mtoto vimeshikwa na kano laini sana, na kiwiko huchomoka kwa mvuto mdogo kuliko mtu mzima anavyodhani. Miguu ni vivyo hivyo. Katika miezi ya mwanzo kichwa cha mfupa wa paja bado kinajitengenezea nafasi yake ndani ya nyonga, na mkao wa asili wa mtoto ni magoti yaliyokunjwa na kutanuka pembeni. Ukiivuta miguu ikanyooka na kubanwa pamoja kila siku, unaisukuma nyonga itoke mahali inapotakiwa kukaa. Miguu yake itanyooka yenyewe kadiri anavyorusha mateke, kisha anavyosimama na kutembea. Hakuna mtoto mzima aliyebaki amekunja magoti kwa sababu hakuvutwa.

Kichwa nacho kisibanwe. Mifupa ya fuvu bado haijaungana, na ule utosi wa mbele unaousikia ukidunda chini ya kidole kwa kawaida huchukua mwaka na zaidi kufunga. Kichwa kilichotoka na umbo la ajabu wakati wa kuzaliwa hujirekebisha chenyewe. Ukiona upande mmoja unabonyea kwa sababu anapenda kulalia huko, mbadilishie upande unaogeuzia kichwa chake anapolala chali, na mlaze kifudifudi mara kadhaa kwa siku akiwa macho na wewe ukimwangalia. Utosi wenyewe unaweza kuupitisha mkono juu yake kwa wepesi unapomwosha, hauna madhara. Kinachokatazwa ni kubana.

Hukulitaja, lakini nalisema kwa sababu nimelikuta mara nyingi katika kazi yangu ya ukunga: baadhi ya watoto huzaliwa na matiti yaliyovimba kidogo, wa kike na wa kiume pia, kutokana na homoni za mama. Yasikamuliwe wala kukandwa. Yakiachwa hunywea yenyewe, yakikamuliwa huingia vijidudu na kuwa jipu.

Sasa kuhusu kile kilio. Mama mkwe anaona mtoto akilala baada ya kukandwa, na anaamini kwa moyo mweupe kwamba amempa nafuu. Mtoto aliyelia mpaka sauti ikakauka hulala kwa sababu amechoka. Usingizi wa aliyetulizwa una dalili zake kabla haujaja: vidole vya mkono hukunjuka, pumzi hupungua kasi, macho hukutazama kisha hulegea. Asubuhi moja keti karibu uangalie kama umeziona dalili hizo. Usipoziona, unajua ulichokuwa unakishuhudia.

Uliniuliza kama kuna faida. Ipo, ila ni ya aina yake, na nisingependa nikuahidi zaidi ya inavyostahili. Mwaka 2013 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wachambuzi wa tafiti za afya, ulichapisha mapitio ya tafiti 34 kuhusu kukanda watoto walio chini ya miezi sita. Kwa mtoto aliyezaliwa wakati wake na mwenye afya, hawakuona ushahidi wenye nguvu kwamba kukandwa kunamkuza au kumpa mwili imara, na tafiti nyingi walizozipitia zilikuwa na kasoro. Kwa hiyo yeyote anayekuambia binti yako atadhoofika asipokandwa, ondoa hofu. Watoto njiti wana habari yao. Huko zipo tafiti zilizoonyesha uzito kuongezeka, lakini kazi hiyo huanzishwa kwa maelekezo ya wahudumu wa wodi yao, si kwa kujaribu nyumbani.

Kinachobaki kwa mtoto kama wako ni utulivu, na mimi sikichukulii kama kitu kidogo. Kwenye ngozi yetu yenye vinyweleo kuna nyuzi za neva ambazo kazi yake ni kupokea mguso wa polepole. Huitikia zaidi mkono wenye joto la kawaida la mwili unaopita kwa kasi ya kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Mkono ukienda mbio, zinapoa. Ukitaka kujua kasi hiyo ikoje mkononi mwako, mguse binti yako kuanzia kwenye paja hadi kwenye kifundo cha mguu huku ukihesabu polepole hadi nne au tano. Utashangaa ni taratibu kiasi gani. Wengi wetu hukanda kwa haraka mara tatu ya hapo kwa sababu mawazo yako kwenye nepi zinazosubiri kufuliwa.

Upole haumaanishi kumgusa kwa ncha za vidole. Hapo akina mama wapya wengi hukosea kwa sababu ya woga. Mguso wa juujuu humtekenya mtoto, humshtua, naye hujikunyata. Tumia kiganja kizima kikiwa kimelala kwenye ngozi, chenye uzito wa kutosha kumfanya ajue kwamba mkono upo, bila kuacha alama nyekundu wala nyeupe nyuma yake.

Na yale ya jana, alipogeuza uso na kushikwa na kwikwi. Alikuwa anakuambia "basi", mwanangu. Mtoto wa umri huo hana neno lingine. Kugeuza uso, kupiga miayo, kwikwi, kukunja ngumi, kutanua vidole kwa mshtuko, kupinda mgongo kwa nyuma, ngozi kuwa na mabakamabaka: ukiona mojawapo, simamisha mkono palepale ulipo, usiunyanyue ghafla, ungoje. Akikurudia kwa macho, endelea. Akizidi, mfunike, mpakate, yameisha kwa leo. Dakika mbili alizozifurahia zinamfaa kuliko kumi na tano alizovumilia. Usimzoeze kuvumilia, hakuna anachofundishwa hapo isipokuwa kwamba akisema hapana hasikilizwi. Ukinishika nikupe jambo moja tu la kukumbuka katika barua hii yote, ningekupa hili.

Hata kabla ya kuanza, muulize. Msugulie viganja vyako pamoja mbele ya uso wake, asikie sauti, kisha weka mkono wako tumboni au pajani pake utulie nao. Baada ya siku kadhaa ataijua ile sauti, na utamwona ama anachangamka na kurusha mateke ama anatazama pembeni.

Kuhusu muda. Asiwe ametoka kunyonya, na asiwe na njaa. Ile kucheua maziwa yote ni kwa sababu tumbo lilikuwa limejaa. Ngoja nusu saa hadi dakika 45 baada ya kunyonya. Chumba kiwe na joto, maana mtoto aliye uchi hupoa upesi kuliko wewe uliyevaa. Vua pete na saa, angalia kucha. Mlaze sakafuni juu ya taulo au mkeka, si ukingoni mwa kitanda, kwa sababu mtoto aliyepakwa mafuta huteleza na siku atakayojigeuza kwa mara ya kwanza hatakupa taarifa.

Anza na miguu, kwa kuwa hiyo ndiyo watoto wengi huikubali kwanza. Zungushia paja lake kiganja, teremka nacho hadi kwenye unyayo, mkono wa pili ukifuata kabla wa kwanza haujaachia, ili asibaki bila kuguswa katikati. Unyayo uupitie kwa kidole gumba kutoka kisigino kwenda vidoleni. Mguu mmoja ukiisha, mrudishie nguo au mfunike, uende wa pili. Mikono ifuate, lakini kama amekunja viwiko karibu na kifua usimkunjue. Mpapase hivyo hivyo alivyo. Mgongo uuache mwisho, akiwa amelala kifudifudi juu ya mapaja yako, na upite pembeni mwa uti wa mgongo, si juu yake.

Tumbo lina kanuni yake. Ukimtazama akiwa amelala chali mbele yako, utumbo mpana huanzia chini upande wako wa kushoto, hupanda, hukatiza chini ya mbavu, kisha huteremka upande wako wa kulia kwenda kutokea. Kwa hiyo mkono wako uzunguke kwa mwelekeo huo huo, ule wa mishale ya saa, ili gesi na choo visukumwe kwenda nje. Zunguka mara chache, kisha kunja magoti yake yote mawili taratibu kuelekea tumboni, shikilia kwa sekunde chache, achia. Mara nyingi hapo ndipo utasikia gesi inatoka. Tumbo likiwa gumu kama ngoma, au akitapika rangi ya kijani, au choo kikiwa na damu, usikande. Huyo ni wa hospitali. Na usisahau kwamba kilio cha jioni cha watoto wachanga kwa kawaida hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua hadi miezi mitatu au minne. Binti yako yuko njiani kuvuka. Siku utakayomkanda vizuri na bado akalia, haina maana umekosea.

Mafuta. Kwanza, si lazima. Unaweza kumkanda juu ya nguo nyepesi na akatulia vilevile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliwapaka watoto wachanga mafuta ya zeituni au ya alizeti kwa wiki nne wakawalinganisha na wasiopakwa. Unyevu wa ngozi uliongezeka, lakini mpangilio wa mafuta asilia yanayoifanya ngozi iwe kinga haukukomaa vizuri kama kwa wale wasiopakwa kitu. Ndiyo maana nasema paka kiasi kidogo tu cha kufanya mkono uteleze, si mafuta tele. Ya karanga yaache kabisa, maana protini zake zikipita kwenye ngozi yenye ukurutu zinaweza kumwanzishia mzio. Ya haradali huchubua. Ya zeituni nayo siyapendelei. Yenye manukato ya dukani yaweke mbali, ngozi ya mtoto haihitaji harufu na pua yake inakutambua kwa harufu yako. Ukiamua kupaka, chagua ya alizeti yaliyosafishwa au mafuta meupe ya watoto yasiyo na harufu, jaribu tone moja kwenye mkono wake, ungoje hadi kesho yake uone kama pana vipele.

Siku za kutomkanda pia zipo. Akiwa na joto la 38 au zaidi katika umri huu wa chini ya miezi mitatu, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, usingoje lishuke. Akichomwa chanjo, ule upande wa sindano uachwe siku kadhaa. Akiwa na vipele, kidonda au uvimbe, pasiguswe.

Sasa tuje kwa mama mkwe, maana najua hapa ndipo panapokukosesha usingizi.

Usimwambie kwamba anamuumiza mtoto. Mwanamke aliyelea watoto wake wote kwa mikono hiyo atasikia kwamba unamwita muuaji, na baada ya hapo hatasikia tena neno lingine. Wala usianze na mafuta, kichwa, miguu na mikono kwa pamoja. Anza na pua, kwa kuwa ndiyo yenye hatari kubwa na ndiyo rahisi kubadilisha. Kabla hata ya kuoga mtoto, mkiwa peke yenu, mwambie: "Mama, nimeambiwa mafuta ya puani yanaingia kwenye mapafu. Naomba tuache kuanzia leo, nimenunua matone ya maji ya chumvi." Useme hivyo, usingoje ruhusa. Hilo halina mjadala, na sauti yako ya upole haitalipunguzia uzito.

Mengine mpe mtu wa tatu. Kliniki ijayo mwombe akusindikize, yeye ndiye ambebe mtoto. Mbele yake muulize muuguzi, "Tumkandeje mtoto wetu?" na uombe aonyeshe kwa mikono nyonga za mtoto zinavyokaa. Mama atayapokea kwa muuguzi mambo ambayo kwako yangekuwa utovu wa adabu. Kati ya leo na siku hiyo, wewe ndiye umwogeshe mtoto asubuhi. Sema unataka kujifunza, na ni kweli unataka.

Halafu, tafadhali, usimnyang'anye kumgusa mjukuu wake. Ana mikono yenye joto na subira ya kuketi, vitu viwili ambavyo wewe kwa sasa huna vya kutosha. Mwachie miguu na unyayo jioni, wewe ukae pembeni na kikombe chako. Akizidisha nguvu, weka mkono wako juu ya wake, mwende pamoja kwa ile hesabu ya nne au tano. Wengi huelewa kwa mkono upesi kuliko kwa maneno.

Mume wako naye usimwache akajificha nyuma ya "wote wazima". Mwombe kitu kimoja: asubuhi moja aketi aangalie kukandwa kwa binti yake tangu mwanzo hadi mwisho, bila simu. Anayajibu maswali yako kwa kumbukumbu za utoto ambazo hakuna mtu anazo. Akishaona, yeye ndiye azungumze na mama yake. Ni mama yake, na neno litokalo kwake halina harufu ya mkwe.

Nimalizie na kaka mtu. Anaposema "na mimi", nusu yake ni mgongo na nusu ni mdogo wake aliyechukua mapaja yako. Mpe mwanasesere na tone la mafuta akae kando yako, amkande wake wakati wewe unamkanda wako. Zamu yake iwe ya peke yake, kabla ya kulala, mtoto mdogo akiwa kwa bibi. Asivuliwe nguo, asilazwe kama mchanga. Muulize, "Nikukande mgongo au miguu?" na akisema hapana, iwe hapana bila manung'uniko. Mwache akimbie, atarudi. Mtoto wa miaka mitatu hukaa kama mkono una hadithi: mvua inaanza manyunyu kwa vidole mabegani, inazidi kwa viganja mgongoni, jua linatoka, mkono unatulia. Akisema "tena", rudia. Akisema "basi" katikati ya mvua, mvua imekatika. Mtoto anayejua kwamba mwili wake una mwenyewe, na kwamba hata mama huomba kwanza, atajua pia la kusema siku mtu mwingine atakapomgusa asivyotaka.

Ile miguu ya usiku inaelekea kuwa maumivu ya kawaida ya umri wake. Huweza kuanza tangu miaka mitatu hivi, huja jioni au usiku, huuma miguu yote miwili, mara nyingi kwenye vigimbi na mapaja, na asubuhi mtoto anacheza kama hakuna lililotokea. Endelea kumsugua kwa kiganja chenye joto, ni dawa sahihi. Lakini ikiwa ni mguu mmoja tu kila siku, au ni kwenye kiungo, au pamevimba, ana homa, anapungua uzito, au asubuhi anachechemea na hataki kuukanyagia, usimsugue tena. Mpeleke kwa daktari, na umweleze tangu lini.